Joto Huenda Wapi

Kompyuta ya mezani inayopozwa kwa maji hutofautiana na ya kawaida kwa jambo moja: joto linalozaliwa ndani ya kichakataji na kadi ya michoro hubebwa na maji mpaka upande mwingine wa kasha, na huko ndiko linakoachwa. Bloku ya shaba hukazwa juu ya kichakataji, katikati ikipakwa grisi maalumu ya kupitisha joto. Pampu ndogo huyasukuma maji ndani ya bloku hiyo, mipira huyapeleka kwenye rejeta yenye mapezi membamba na feni, kisha maji hurudi kwenye tangi na kuanza safari upya. Mtu anayeiunda kwa mara ya kwanza, akiwa amenunua kila kipande peke yake na kukata mipira kwa mkono wake, kwa kawaida huamini kwamba anajifunza kuondoa joto. Hakuna hata jouli moja atakayoiondoa. Kazi yote ya bloku, pampu, mipira na rejeta ni kulihamisha joto, na mashine nzima ni njia ya kulichagulia makao mengine. Hapo huzuka swali ambalo wanafalsafa na wanateolojia wamelishughulikia kwa karne nyingi: je, lipo jambo lolote ambalo binadamu anaweza kuliondoa kabisa, au uwezo wake wote unaishia katika kulitoa hapa na kuliweka kule?

Swali hili linaweza kuulizwa popote, lakini katika bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo, lina uzito wa pekee. Lubarika ni kijiji cha bonde hilo, katika sheferi ya Bafuliiru, teritware ya Uvira, kaskazini mwa mji wa Uvira na mwa ncha ya juu ya ziwa Tanganyika. Magharibi yake inasimama milima ya Mitumba. Mashariki unapita mto Ruzizi, na ng'ambo ya mto ni Burundi. Kompyuta za namna hii ni chache mno hapa. Hata hivyo shaba, bati, tantali na dhahabu, madini manne yanayotumika sana katika vifaa vya elektroniki, yote yanachimbwa Kongo, na matatu ya mwisho yanachimbwa katika majimbo ya mashariki. Wakazi wa bonde wanaishi mahali ambako vitu vingi vinatolewa, na vingine vingi vinakuja kuachwa. Kwao swali la mahali kitu kinapokwenda baada ya kuondoka mbele ya macho ni swali la maisha ya kila siku.

Maji huchaguliwa kwa sababu ya uwezo wake mkubwa wa kumeza joto. Kilo moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,180 ili ipande digrii moja ya Selsiasi. Kilo moja ya hewa huhitaji kama robo ya kiasi hicho, na kwa kuwa hewa ni nyepesi mno, lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara elfu tatu ya lita moja ya hewa. Kichakataji na kadi kubwa ya michoro zikitumia wati 500 kwa pamoja, na maji yakizunguka lita 4 kwa dakika, maji hayo hayaongezeki hata digrii mbili katika mzunguko mmoja. Ndiyo sababu mpangilio wa vipande hauna athari kubwa kama anavyodhani mwanafunzi: baada ya muda mfupi maji huwa na joto karibu lilelile kila mahali. Sharti moja tu la mpangilio halivunjwi, nalo ni tangi kukaa kabla ya pampu na juu yake, maana pampu inayozunguka bila maji huharibika upesi. Shaba haichanganywi na alumini katika mzunguko mmoja, kwa kuwa metali hizo mbili zikiwa ndani ya maji yaleyale hufanya kazi kama betri, na alumini huliwa polepole. Na kabla umeme haujaingia kwenye bodi mama, mzunguko hujazwa maji na pampu peke yake huwashwa kwa saa nyingi, wengi hupendelea 24, huku karatasi laini zikiwa zimetandazwa chini ya kila kiungio ili tone la kwanza lionekane.

Baada ya hapo huja mpaka ambao fedha haziuvuki. Rejeta hutoa joto kwenda hewani pale tu maji yanapokuwa na joto kuliko hewa. Katika chumba chenye digrii 30, hali ya kawaida ya mchana bondeni, maji hayatashuka chini ya 30 hata rejeta zikiongezwa mara tatu; kwa kawaida hutulia digrii kumi au zaidi juu ya hapo. Pampu nyingi zimetengenezwa kuvumilia maji ya digrii 60, kwa hiyo nafasi ipo, lakini ni finyu kuliko ya mtu wa Ulaya, na vumbi la kiangazi likiziba mapezi ya rejeta hupungua zaidi. Chumba chenyewe nacho hupata joto. Wati 500 zilizotoka kwenye kichakataji zimo chumbani zote, sawa na kama hita ya wati 500 ingewashwa humo. Dirisha likifunguliwa zitakwenda nje. Zikifika nje bado zipo.

Mtungi wa udongo huonekana kuivunja kanuni hii, maana maji yake huwa baridi kuliko hewa inayouzunguka. Lakini mtungi nao huhamisha. Maji hupenya katika vinyweleo vyake na kukauka juu ya uso wake, na kila gramu inayogeuka mvuke huondoka na jouli zipatazo 2,400. Joto limepanda hewani pamoja na mvuke, na pale mvuke utakapogeuka tena maji, umande au mvua, litaachiliwa. Ziwa Tanganyika lenyewe hupozwa kwa njia hiyohiyo. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke, na kiasi kidogo tu hutoka kwa mto Lukuga huko Kalemie. Chumvi zilizoletwa na Ruzizi na mito mingine haziwezi kupanda na mvuke, hubaki. Ndiyo maana maji ya ziwa yana ukali wa magadi, pH yake ikikaribia 9, na ndiyo maana hayafai kabisa kutiwa katika mzunguko wa kompyuta. Yanayofaa ni maji yaliyokenekwa, yale safi ya kuongezea betri, yakiwa na kiasi kidogo cha dawa ya kuzuia ukungu.

Kanuni inayofanya kazi katika haya yote iligunduliwa kwa sehemu katika nchi ya joto. Mwaka 1840 Julius Robert Mayer, daktari Mjerumani aliyekuwa katika meli ya Waholanzi, alifika Java, na alipowatoa mabaharia damu kama tiba ya wakati ule ilivyotaka, aliona kwamba damu ya mishipa inayorudi moyoni ilikuwa nyekundu kuliko alivyozoea kwao. Alifikiri: katika joto la tropiki mwili hauhitaji kuunguza chakula kingi ili ubaki na joto lake, kwa hiyo damu inarudi na oksijeni nyingi ambayo haikutumika. Kutoka hapo aliendelea hadi kwenye wazo kwamba joto na kazi ni kitu kimoja chenye sura mbili, akalichapisha mwaka 1842. James Joule, akifanya kazi Manchester miaka hiyohiyo, aliupima uhusiano huo kwa vipimo ambavyo havikuacha shaka.

Mto Ruzizi unatoa mfano wa kanuni hiyo katika ukubwa wake wote. Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya bahari, Tanganyika iko karibu mita 770. Kilo moja ya maji ikishuka tofauti hiyo, na nguvu yake yote ikigeuka joto, ingepanda digrii 1.6 hivi. Mabwawa ya Ruzizi I, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, la mwaka 1989, huchukua sehemu ya nguvu hiyo kabla haijawa joto na kuipeleka katika nyaya. Umeme huo ukifika katika kompyuta iliyoko mjini Uvira, hugeuka joto ndani ya kichakataji, yaani joto lilelile ambalo maji yangelipata yenyewe katika maporomoko kama hakuna aliyeyazuia. Hesabu inabaki kamili kutoka mwanzo hadi mwisho. Kinachopungua njiani ni uwezo wa kutumika: maji yaliyo juu yanaweza kuzungusha mtambo, joto lililotawanyika chumbani haliwezi. Rudolf Clausius alikipa kipimo cha upungufu huo jina la entropi mwaka 1865. Kuhamisha kuna upande mmoja, na njia ya kurudi hailingani na ya kwenda.

Uhusiano kati ya joto na kufikiri ulianza kujadiliwa mapema zaidi. Aristotle alifundisha kwamba makao ya hisi ni moyo, na kwamba ubongo ni kiungo cha baridi kinachoupoza moyo. Galen alimpinga, na sayansi ikaja kumpa haki Galen. Hata hivyo Aristotle alikuwa ameona jambo la kweli, kwamba kiumbe mwenye hisi na fahamu hana budi kuwa na namna ya kupozwa. Alichokosea ni nani anampoza nani. Ubongo wa binadamu hutumia wati zipatazo 20, karibu moja ya tano ya nguvu ya mwili uliotulia. Joto lake huchukuliwa na damu, hufikishwa kwenye ngozi, na kutoka hapo huenda na jasho. Mwanadamu ni kiumbe anayefikiri akipozwa kwa maji, na mjenzi wa kompyuta hii, hata asipojua, anaunda upya mpango ambao tayari uko ndani ya kichwa chake.

Je, joto la kufikiri ni matokeo ya ufundi usiokamilika, ambalo siku moja litafutwa, au ni sharti la kufikiri kwenyewe? Jibu lina sehemu mbili. Karibu joto lote la kompyuta za leo ni la ufundi: transista hutumia nguvu nyingi mno kuliko kiwango cha chini kabisa kinachowezekana. Lakini kiwango hicho cha chini kipo. Mwaka 1961 Rolf Landauer wa kampuni ya IBM alionyesha kwamba kufuta biti moja ya habari, yaani kulisahau jibu moja la ndiyo-au-hapana, lazima kuachie joto kidogo katika mazingira. Ni kidogo ajabu: katika joto la kawaida la chumba, jouli moja ingetosha kufuta biti bilioni 300 mara bilioni moja. Mwaka 2012 wanafizikia wa Lyon, Ufaransa, walilipima joto hilo kwa kutumia punje ndogo sana iliyoshikwa kwa miali ya leza. Charles Bennett, wa IBM pia, alikuwa ameonyesha kwamba kukokotoa kwenyewe kunaweza, kimsingi, kufanywa bila gharama hiyo, mradi hatua zote ziweze kurudishwa nyuma. Gharama isiyoepukika iko katika kusahau.

Hoja hii haikubaliwi na wote. John Norton, mwanafalsafa wa fizikia wa Pittsburgh, amepinga kwa nguvu uthibitisho wake. Lakini ikikubaliwa, maana yake ni nzito kuliko udogo wa namba zake. Kufuta huonekana kama kuondoa kwa hali safi kabisa: palikuwa na neno, sasa hapana. Fizikia inasema kwamba hata hapo kitu kimehama. Mpangilio uliokuwa katika kumbukumbu umetawanyika kuwa mtikisiko usio na mpango katika chembe za shaba, kisha za maji, kisha za hewa. Hakuna atakayeweza kuusoma tena, na bado haukuangamia.

Wanateolojia walifika kwenye mpaka huu kabla ya wanafizikia. Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa alichokimaliza mwaka 1095, alitenga mjadala mzima kwa swali la namna ulimwengu unavyoweza kukoma. Wanafalsafa aliowajibu walidai kwamba kuangamiza hakuwezi kuwa tendo, kwa sababu mtendaji hufanya kitu, na kutokuwepo si kitu. Mu'tazila, shule moja ya wanateolojia wa Kiislamu, walisema Mungu huyaumba maangamizi yenyewe. Miongoni mwa Ashari, shule nyingine, walikuwapo waliosema kwamba sifa za vitu hazidumu nyakati mbili mfululizo, na Mungu akiacha kuziumba upya, vitu hukoma. Ghazali mwenyewe alishikilia kwamba uwezo uleule wa Mungu unaoleta kuwepo unaweza kuleta kutokuwepo. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha katika Summa Theologiae kwamba Mungu angeweza kuacha kuvishikilia vitu navyo vikarudi kuwa si kitu, lakini kwa kweli hakuna anachokirudisha huko. Wawili hao walitofautiana katika mengi, na wote wawili waliuweka uwezo wa kuangamiza mikononi mwa Muumba. Kiumbe huvunja, huunguza, huzika na hutawanya. Hakuna anachoweza kukifanya kisiwepo.

Fizikia haiwezi kuthibitisha fundisho hilo, wala haina haja. Inatosha kuona kwamba kanuni ya kutopotea kwa nishati inachora mpaka wa uwezo wa binadamu mahali palepale walipouchora wanateolojia kwa hoja zao.

Dini, hata hivyo, hazikuuliza swali la kuondoa kwa ajili ya vitu peke yake. Ziliuliza zaidi kuhusu uovu. Sura ya 16 ya kitabu cha Walawi inaeleza siku ya upatanisho: kuhani mkuu huweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha mbuzi hai, huungama juu yake makosa ya taifa, na mbuzi hupelekwa nyikani. Dhambi imeondoka kambini kwa sababu imepelekwa mahali pengine. Kuna jambo dogo katika sura hiyo ambalo wasomaji wengi hulipita: mtu aliyempeleka mbuzi hana budi kufua nguo zake na kuoga kabla ya kurudi. Aliyeibeba kazi ya kuhamisha ameguswa na alichokihamisha. Ukristo uliendeleza picha hiyo hadi kwa Kristo mwenyewe, kwamba dhambi inaondolewa kwa kuwa yupo aliyeibeba. Msamaha unaotolewa bure kwa mkosaji una mahali ulipolipiwa.

Uislamu haukubali uhamisho wa namna hiyo. Kurani inarudia katika sura tano, al-An'am, al-Isra, Fatir, az-Zumar na an-Najm, kwamba hakuna mbebaji abebaye mzigo wa mwingine. Sura an-Nahl inaongeza kwamba wanaowapoteza wengine watabeba mizigo yao wenyewe na sehemu ya mizigo ya waliowapoteza. Kutokana na msingi huo wanazuoni hutenganisha haki za Mungu na haki za waja. Kosa kati ya mja na Mola wake husamehewa kwa toba. Kosa dhidi ya mja mwenzake halifungwi kwa toba pekee, ni lazima haki irudishwe kwake au yeye mwenyewe asamehe. Wakristo wana mfano ulio karibu na huo katika Zakayo wa Injili ya Luka, ambaye aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Mafundisho haya mawili yanapishana juu ya nani anaweza kubeba nini, nayo yanakubaliana juu ya jambo ambalo watu wengi wangependa lisiwe kweli: kosa lina anwani.

Kanuni ya kwamba kila kuondoa ni kuhamisha inapaswa basi kutumiwa kwa uangalifu, kwa kuwa vinavyohamishwa havina tabia moja. Joto hudhoofika likitawanyika. Tanganyika ina maji yapatayo kilomita za ujazo 18,900. Kompyuta moja ya wati 500 ikiachia joto lake lote ziwani usiku na mchana, na ziwa lisipoteze chochote, ingechukua takriban miaka bilioni tano kulipandisha ziwa digrii moja. Anayepeleka joto la mashine yake nje ya dirisha hamdhulumu jirani yake. Amelipeleka mahali linapobebeka, na hilo ni tendo jema, si udanganyifu.

Lakini hoja ya kutawanya ina mwisho wake. Ziwa limepata joto tangu mwanzo wa karne ya 20, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha madhara yake: tabaka la juu likiwa na joto zaidi, maji ya juu na ya chini huchanganyika kidogo, rutuba ya kilindini haipandi, mimea midogo ya maji hupungua, na pamoja nayo chakula cha ndakala, samaki wadogo wa ziwa. Hili halikuletwa na joto la mashine zenyewe. Limeletwa na moshi wa makaa na mafuta yaliyochomwa kwa miaka zaidi ya mia, sehemu kubwa katika nchi za mbali, na watu walioipima mbingu kwa macho wakaiona ni kubwa ya kutosha. Kila mmoja wao alihamisha kidogo.

Vipo pia vitu vinavyokua vikihamishwa. Uvira ni miongoni mwa miji ya mashariki ya Kongo ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara. Vimelea vinavyoingia mtoni au ziwani ni vichache ukilinganisha na wingi wa maji, lakini vikimpata mtu, ndani ya utumbo wake huzaana kwa mabilioni na kutoka tena. Kwa kipindupindu wazo la kwamba maji mengi yatameza kila kitu huua. Mabomba ya maji safi na vyoo vinavyofungika ndiyo majibu, na yote mawili ni kazi ya kuamua kwa makini kitu kikae wapi.

Na yapo madhara yasiyodhoofika wala kukua, yanayobaki kwa aliyeyapata. Katika sheferi hiyohiyo ya Bafuliiru, juu milimani, iko Lemera. Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996 waasi waliishambulia hospitali ya hapo, wakaua zaidi ya watu thelathini, wakiwemo wagonjwa vitandani na wahudumu wao. Denis Mukwege, daktari na mchungaji wa Kipentekoste, ndiye aliyekuwa akiiongoza hospitali hiyo. Alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo mwaka 2018 aliianza hotuba yake kwa usiku huo, kisha akawakumbusha wasikilizaji kwamba simu na magari wanayoyafurahia yana madini kutoka nchi yake, na kwamba madini hayo yana gharama ya binadamu. Hoja yake ni ya kifalsafa kama ilivyo ya kisiasa. Chombo kinapofika mikononi mwa mnunuzi kikiwa safi na king'avu, maumivu yaliyokizunguka hayakufutika njiani. Yamebaki yalipokuwa.

Sheria zimejaribu kuirudisha habari ya mahali. Marekani ilipitisha mwaka 2010 kifungu cha 1502 cha sheria ya Dodd-Frank, kinachozitaka kampuni kueleza asili ya bati, tantali, tungsten na dhahabu zinazotumia. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa kanuni ya 2017, iliyoanza kutumika Januari 2021. Nia ilikuwa njema na bado inastahili kutetewa. Lakini wanunuzi wengi waliona ni rahisi zaidi kuikwepa Kongo kabisa kuliko kuuliza mgodi kwa mgodi. Serikali ya Kongo nayo ilisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011. Wachimbaji waliokuwa wakilipia ada za shule kwa sururu walibaki bila kipato. Doa lilitoka kwenye hesabu za kampuni likageuka njaa Kivu, na hicho nacho kilikuwa kitendo cha kuhamisha kilichoitwa kuondoa.

Kwa anayeunda kompyuta yake ya kwanza ya maji, kuna jambo moja tu linalokaribia kuondoa kwa maana halisi, nalo ni kutolizalisha joto lenyewe. Matumizi ya nguvu ya kichakataji hufuata mraba wa volti. Volti ikipunguzwa asilimia 10 bila kubadili kasi, nguvu inayotumika katika kubadilisha hali za transista hupungua karibu asilimia 19, na vichakataji vingi huvumilia punguzo la kadiri bila kukosea hesabu. Kadi ya michoro iliyotumika, ikinunuliwa kwa mtu badala ya mpya, ni madini ambayo hayakuhitaji kuchimbwa tena. Katika bonde lenye umeme wa kukatika na betri za sola, kujizuia huku kuna faida hata kabla maadili hayajatajwa, na mtu akifanya hivyo vizuri huenda akagundua kwamba feni ya kawaida ingemtosha. Hilo si hasara kwa aliyetaka kujifunza.

Maji ya mzunguko hubadilishwa takriban kila mwaka. Baadhi ya vimiminika vinavyouzwa tayari vina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu yenye ladha tamu inayoweza kumvuta mbwa au mtoto, na baadhi ya dawa za kuzuia ukungu huwa na chumvi za shaba zinazodhuru samaki hata zikiwa kidogo. Visimwagwe kwenye mfereji wa mpunga wala kijito kinachoingia Ruzizi. Huwekwa katika chombo kinachofungwa na kuandikwa kilichomo, mpaka apatikane wa kuvishughulikia. Mzunguko ulioanza na maji yaliyokenekwa, usio na rangi, na wenye dawa kidogo kadiri inavyowezekana, huacha mzigo mwepesi zaidi siku ya kumwaga.